Mtumwa, Mtumishi na Mtume: Kukisoma Tena Kitabu cha "Uhuru wa Watumwa"

Viko vitabu vinavyosifiwa bila kusomwa, na viko vinavyolaumiwa bila kusomwa. Kitabu cha James Mbotela, *Uhuru wa Watumwa*, kilichotolewa na Sheldon Press ya London mwaka 1934, kimepatwa na mambo yote mawili. Wapo waliokisifu kuwa ni miongoni mwa hadithi ndefu za kwanza za nathari kuandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika. Na wapo, hao wakiwa wengi zaidi tangu siku za uhuru, waliokilaumu kwa sababu ya shukrani zake tele kwa Waingereza. Nia ya makala haya si kuifuta lawama hiyo, kwa maana ina haki yake. Nia yangu ni kukiuliza kitabu swali ambalo wahakiki wetu wameelekea kulipita: chatufundisha nini juu ya utumishi wa Kikristo, yaani imani isiyokomea penye sala bali itokayo mlangoni ikamwendea jirani mwenye shida?

Swali hili sikulianzisha mimi. Lilizuka darasani siku moja, tulipokuwa tukikisoma kitabu hiki pamoja na wanafunzi wa mwaka wa pili. Kijana mmoja alisimama akasema kwa ukali kwamba mwandishi huyu ni kibaraka, na kwamba kitabu chake kingefaa kuwekwa kabatini. Alipoketi, binti mmoja aliyetoka upande wa Kisauni aliinuka, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mzee wetu wa kwanza alishushwa pale kutoka melini. Asingeshukuru, angefanya nini?" Darasa likanyamaza. Nami nakiri kwamba siku ile sikuwa na jibu la kumpa hata mmoja wao, na haya niandikayo sasa ni deni langu kwao wote wawili.

Yatupasa kwanza tukumbuke kitabu kilitoka katika hali gani. Mwezi wa Juni mwaka 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa ya baharini, na soko la Unguja likafungwa. Manowari za Kiingereza zilipoyakamata majahazi yaliyoendelea na biashara hiyo kwa siri, ilibidi watu waliokutwa ndani yake watafutiwe mahali pa kukaa. Ndipo mwaka 1875 chama cha misheni cha CMS kilipoweka kijiji barani, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kikaitwa Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere. Kengele ya kijiji hicho imeacha jina hata leo, kwa kuwa njia panda ile yaitwa Kengeleni. Mbotela alikuwa mwana wa jamii hiyo. Mzazi wake mwenyewe alikuwa ametolewa katika utumwa. Basi aliyoyaandika ni masimulizi ya watu wa nyumbani kwake: jinsi walivyotekwa, jinsi walivyosafirishwa, jinsi walivyokombolewa, na jinsi walivyoanza maisha upya katika kijiji cha Wakristo.

Sasa tulitazame jina la kitabu. Mwandishi hakusema uhuru wa watu, wala uhuru wa wazee wetu, bali uhuru wa *watumwa*. Uhuru umekwisha kutajwa, lakini neno la kale bado limewashika. Mtu aweza kusema kwamba hii ni njia fupi tu ya kulitaja jambo. Mimi naona kwamba hapo ndipo lilipo fumbo la kitabu kizima, na ufunguo wa fumbo hilo umo katika sarufi ya lugha yetu wenyewe.

Kutokana na kitenzi kimoja, *-tuma*, Kiswahili kimezaa majina matatu yenye vyeo mbalimbali kabisa. La kwanza ni *mtumwa*, kwa kauli ya kutendwa: yule anayetumwa. La pili ni *mtume*, lenye kiishio cha *-e* kama katika *mshinde*, aliyeshindwa, na *kiumbe*, kilichoumbwa. Basi mtume naye, kwa asili ya neno, ni yule aliyetumwa. La tatu ni *mtumishi*, litokalo katika *-tumika*, kama vile mpishi atokavyo katika *-pika* na mwandishi katika *-andika*. Ajabu ni hii, kwamba kwa sarufi peke yake mtumwa na mtume hawana tofauti kubwa. Wote wawili wametumwa. Kinachowatenga ni nani aliyewatuma, na kama walikuwa na uwezo wa kukataa. Mtume Paulo, katika waraka wake kwa Warumi, alijiita kwa majina yote mawili kwa mkupuo mmoja. Kwa msomaji wa leo hilo ni fumbo zuri la dini. Lakini fikiri, msomaji, jinsi lilivyosikika pwani yetu, maandiko yalipoanza kusomwa kwa Kiswahili mbele ya watu wenye makovu ya minyororo. Kwao *mtumwa* halikuwa neno la mfano. Kuwaambia kwamba mwana wa Mungu alitwaa hali ya mtumwa kulikuwa ni kuwaambia kwamba Mungu alikuwa amekaa chini katika jahazi lile lile walimokaa wao.

Kutoka utumwani hadi utumishini, kwa hiyo, si kutoka kazini kwenda mapumzikoni. Mtumishi aweza kulima shamba lile lile na kubeba mzigo ule ule aliobeba mtumwa. Kilichogeuka ni kwamba sasa moyo wake mwenyewe umekubali, na kwamba anaweza kusema hapana. Naona hii ndiyo maana ya ndani ya utumishi wa Kikristo, nayo ndiyo mizani nitakayoitumia kukipima kitabu hiki.

Tuanze na lililo haki ya Mbotela. Injili ya Luka yasimulia habari za wakoma kumi waliotakaswa, na mmoja tu akarudi kushukuru. Na Yesu hakumwambia kwamba shukrani ni unyonge, bali aliuliza wale tisa wako wapi. Mbotela ni yule wa kumi. Aliona kwamba watu wake wangalikuwa wamekufa, au wameuzwa mbali, lau kama mkono fulani usingalinyoshwa. Akarudi akasema asante. Mwanafunzi wangu wa Kisauni alikuwa akiutetea moyo huo, wala hakukosea. Mhakiki asiyeweza kusikia uzito wa asante ya mtu aliyenusurika na mauti hafai kuhukumu kitabu cha namna hii.

Lakini tuangalie pia asante yenyewe yaelekea wapi, maana yule mkoma wa kumi alirudi kwa aliyemponya, hakurudi kwa Kaisari. Katika lugha ya Wakristo wa zama zile neno *kukomboa* lilikuwa na kazi mbili. Kristo aliitwa Mkombozi. Na manowari ilikomboa watu baharini. Neno moja likifanya kazi mbili kwa muda mrefu, kazi hizo huanza kuchanganyika. Kwa Mbotela utukufu wa Mkombozi umemwagikia manowari, kutoka manowari ukaifikia serikali iliyoituma, na mwishowe taji la kitabu limewekwa kichwani pa Mwingereza. Hapo imani imepoteza njia, na sanaa ya kitabu nayo imepungukiwa. Kwani mwandishi anayemtazama mfalme muda wote hawezi kuziona nyuso za watu waliomzunguka.

Wala historia haimwungi mkono kwa mambo yote. Utawala wa Kiingereza uliwekwa rasmi Afrika ya Mashariki mwaka 1895, lakini katika ukanda wa pwani sheria iliendelea kuitambua hali ya utumwa hata mwaka 1907. Kwa miaka kumi na miwili, basi, bendera iliyosifiwa kwa kukomesha utumwa ilipepea juu ya nchi yenye watumwa. Hata ndani ya Freretown mambo hayakuwa meupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ilijulikana kwamba watu walioletwa pale wawe huru walikuwa wakipigwa viboko na kufungwa na wale wale waliowekwa kuwalea, hata ikalazimu jambo lichunguzwe. Sisemi haya ili kuwadharau waliofanya kazi kwa moyo safi, na walikuwapo. Nayasema kwa sababu yatuonyesha hatari iliyomo katika kila huduma: atendaye wema aweza, bila kukusudia, kumgeuza aliyetendewa kuwa mali yake.

Wazee wetu waliijua hatari hiyo. Husema, "Tenda wema nenda zako." Wengi huifasiri methali hii kuwa ni onyo kwa mtenda wema asitazamie shukrani. Ni kweli, lakini neno zito zaidi ni lile la pili: *nenda zako*. Wema haujatimia mpaka aliyetendewa ameachwa asimame kwa miguu yake. Na hivyo ndivyo isemavyo hadithi ya Msamaria katika Luka. Alimfunga majeruhi vidonda vyake, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili kwa ajili ya matunzo yake. Kisha akaenda zake. Jina lake halikutajwa. Hakuiita nyumba ile ya wageni kwa jina lake, wala hakuijenga ngome mbele yake. Alisema kwamba akirudi atalipa kilichozidi. Maana yake, arudipo hurudi kulipa, harudi kudai. Tukiiweka hadithi hiyo kando ya historia ya pwani yetu, twaona mara moja tofauti: aliyekomboa baharini hakwenda zake. Alibaki, akatawala. Hili Mbotela hakulipima, nalo ndilo kijana wangu mkali alilokuwa akilipigania, ijapokuwa hakulipatia maneno yake.

Ziko wapi basi, katika habari hizi, sura za utumishi tunazozitafuta? Ziko kwa watumwa wale wenyewe waliogeuka kuwa watumishi. Mfano ulio wazi ni William Jones. Alikuwa mtoto aliyetolewa utumwani, akalelewa Nasik katika India ya magharibi pamoja na watoto wengine wa Kiafrika, kisha mwaka 1864 akarejea pwani yetu na Ishmael Semler kufanya kazi Rabai. Mwaka 1885 wote wawili walipewa ushemasi na Askofu James Hannington. Mwaka ule ule Jones alimfuata askofu katika safari ya kwenda Uganda. Hannington alitangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alikuwa ameachwa nyuma na sehemu kubwa ya msafara. Habari zilipomfikia alingoja, asije akawaacha walionusurika. Ndipo alipowakusanya watu wake akawaongoza njia yote ya kurudi, hata wakafika Rabai mwezi wa Februari mwaka 1886. Mbele yao walibeba bendera yenye neno moja la Kiebrania, *Ikabodi*, yaani utukufu umeondoka.

Historia imemkumbuka askofu, na ni haki. Alikufa kwa ajili ya imani yake. Lakini kwa mizani tuliyoiweka, huyu shemasi aliyewarudisha watu nyumbani akiwa hai ametuonyesha utumishi kwa ukamilifu wake. Neno *shemasi* tumelipokea kwa njia ya Kiarabu, na masikioni mwetu halina mlio wa kazi. Lakini jina la Kigiriki la cheo hicho maana yake ni mtumishi. Mtu aliyewahi kuhesabiwa kuwa bidhaa alihesabu watu wake mmoja mmoja, si kwa kuwauza bali asimpoteze hata mmoja aliyeweza kuokolewa. Mtumwa, mtumishi na mtume: majina yale matatu yamekutana katika mtu mmoja, na sarufi imekuwa maisha.

Tukirudi kitabuni tukiwa na Jones mkononi, twaweza kukisoma Mbotela kwa jicho jipya. Kurasa zake zenye nguvu si zile za sifa. Hizo zimechakaa, kama sifa zote za wakubwa zichakaavyo. Zenye nguvu ni zile ambamo wanyonge wanaishi pamoja: wageni wa makabila mbalimbali, wasio na ndugu wala kaburi la babu, wakijifunza kuitana ndugu katika lugha ambayo wengi wao hawakuzaliwa nayo. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na imani iliwapa sababu ya kuangaliana. Hapo mwandishi anaacha kutoa asante kwa serikali, anaanza kutoa ushahidi wa watu wake. Hata kuandika kwake ni utumishi wa namna hiyo: alitumwa na wazee waliokuwa wakifa, wasioweza kuandika, azifikishe habari zao kwetu. Nasi tumezipata.

Kwa kijana wangu nasema: usikiweke kabatini. Lawama yako ni ya haki, lakini isome shukrani hii kama jeraha lililofungwa vibaya, usiisome kama usaliti. Kwa binti wa Kisauni nasema: mzee wenu alikuwa na haki ya kushukuru; bali asante yake haikuwa hati ya kuwauza wajukuu wake. Na kwa sisi tunaosomesha fasihi, nadhani kitabu hiki kimetupa kipimo cha kupimia maandishi yote ya wema, yawe ya misheni, ya serikali, au ya wafadhili wa siku hizi wanaopiga picha za watoto wanaowalisha. Tusiulize tu mtenda wema ametenda kwa wingi gani. Tuulize kama yule aliyetendewa, hadithi inapokwisha, anasimama na jina lake mwenyewe, na kama njia iko wazi mbele yake kwenda kumtumikia mwingine.