Nero na Kinubi Chake

Ewe msomaji, huenda umepata kusikia kwamba mji wa Roma ulipokuwa ukiungua, Kaisari Nero alikuwa akipiga fidla. Waingereza wameifanya habari hiyo kuwa msemo, nao huutumia kila watakapo kumlaumu mkubwa anayejifurahisha hali watu wake wamo taabuni. Msemo ni mzuri, lakini habari iliyomo ina kasoro. Roma uliungua mwaka 64, na fidla haikujulikana duniani mpaka karne ya 16. Ikiwa chombo chenyewe hakikuwapo, yafaa tuulize kama mpigaji naye alikuwapo.

Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi ambaye alikuwa mtoto mdogo wakati wa moto ule, aliandika kwamba ulipoanza, Nero alikuwa Antium, mji wa pwani. Alirudi, akawafungulia bustani zake watu waliokosa makazi, akaagiza chakula, akapunguza bei ya nafaka. Katika mitaa 14 ya mji, ni 4 tu iliyosalimika. Tacitus ataja pia kwamba Kaisari alisemekana kuimba habari za kuanguka kwa Troya huku moto ukiwaka, ila autaja kama uvumi. Suetonius, aliyezaliwa yapata wakati Nero alipokufa, alilisimulia neno lilo hilo kama jambo la hakika. Ndivyo uvumi unavyokua: wa kwanza husema imenenwa, wa pili husema imetendeka, na wa tatu huchora picha yake ukutani.

Usidhani kwamba nataka kumtakasa. Nero, ambaye ndiye Kaisari aliyekatiwa rufani na mtume Paulo, alitawala tangu mwaka 54 hata 68. Mwaka 59 aliamuru mama yake, Agrippina, auawe. Mwaka 65 alimwamuru Seneca, aliyekuwa mwalimu wake, ajiue. Ili aondokane na shutuma za moto, aliwasingizia Wakristo, nao wakateswa na kuuawa mbele ya watazamaji. Makosa haya yamtosha. Hana haja ya kuongezewa. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Basi na tutazame jinsi wasanii watatu walivyomwonyesha mtu huyu, tuone ni nani aliyemfahamu zaidi.

Picha ya sinema inayojulikana sana ni Quo Vadis ya mwaka 1951, iliyotolewa katika riwaya ya Henryk Sienkiewicz, mwandishi wa Poland. Humo Nero huamuru mji uchomwe, kisha huimba kwa kinubi mbele ya moto. Peter Ustinov, aliyemwigiza, alifanya kazi yake kwa ustadi mkubwa. Nero wake hudeka kama mtoto, hujisifu, huomba kusifiwa, na hukinga machozi yake ndani ya kichupa. Twacheka, na hapo ndipo penye hatari. Mtazamaji hutoka akidhani kwamba mtu mwovu hutambulikana upesi, kwa sauti yake na mapozi yake. Laiti ingekuwa hivyo, dunia ingalipona dhuluma nyingi.

Jean Racine, Mfaransa, alikwenda njia nyingine katika tamthilia yake Britannicus, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1669. Hapana moto ndani yake, wala kinubi hakipigwi. Nero ni kijana ambaye hajazama bado katika uovu. Huku yupo Burrhus, anayemshauri kwa haki. Huku yupo Narcisse, anayemsifu na kumchochea. Burrhus humshawishi hata akakaribia kumsamehe ndugu yake wa kulelewa, Britannicus. Kisha Narcisse huja, akamnong'oneza kwamba watu wanamdharau, na kijana yule akachagua sumu. Tamthilia hii hainichekeshi hata kidogo, kwa sababu yanionyesha mlango ambao mtu yeyote aweza kuupita, iwapo atampenda zaidi amsifuye kuliko amwonyaye.

Wa tatu ni Claudio Monteverdi, Mwitalia, aliyetunga opera ya kutawazwa kwa Poppea, iliyoimbwa Venice mwaka 1643. Ndani yake Seneca aamriwa kufa na mke halali wa Kaisari afukuzwa, kisha mchezo hukoma kwa wimbo mtamu wa mapenzi baina ya Nero na Poppea. Mwovu haadhibiwi. Sikio lafurahi, moyo wafadhaika. Wengine wameilaumu kazi hii kwa ajili hiyo. Mimi naisifu, kwa kuwa yatufunza kwamba uzuri wa sauti si ushahidi wa wema wa mwimbaji.

Kwa maoni yangu, Racine ndiye aliyefika mbali kuliko wote. Sinema yatupa zimwi la kutazama, opera yatupa swali la kufikiri, bali Britannicus yatupa mtu.

Kwa nini jambo hili likuhusu wewe? Kwa sababu husemwa kwamba lisemwalo lipo, na wengi huhukumu kwa neno hilo. Kumbuka kwamba Wakristo wa Roma walikufa kwa uvumi, na mwenye kuueneza alikuwa Nero. Anayemhukumu Nero kwa uvumi atumia silaha ya Nero mwenyewe. Kwa hiyo utazamapo sinema au usomapo tamthilia juu ya mtu aliyepata kuishi, furahia ufundi wake, kisha uulize: nani aliyeandika kwanza, aliandika baada ya miaka mingapi, na je, aliona au aliambiwa? Ukishajibiwa, mhukumu mtu huyo kwa yale aliyoyatenda.