Ustadi wa Kumzindua Mgonjwa

Katika upasuaji wa siku moja, mgonjwa huingia hospitali asubuhi na jioni hulala nyumbani kwake. Si jambo geni: mwaka 1909 daktari James Nicoll wa Glasgow alitoa taarifa ya upasuaji 8,988 wa watoto waliorudishwa kwa mama zao siku ileile. Hapa mtaalamu wa usingizi hasifiwi kwa kulaza tu. Husifiwa kwa kuzindua: akili imerejea, maumivu yamepoa, tumbo limetulia na miguu inabeba mwili.

Nusukaputi ya kuvuta, kama sevoflureni, humfaa mtoto anayeogopa sindano. Huisha mwilini upesi, lakini huacha kichefuchefu, na baadhi ya watoto huamka wakilia na kurusha mateke kwa dakika kadhaa. Propofoli, iliyoanza kutumika mwaka 1986, hupitishwa kwenye mshipa. Anayeamka kutoka kwayo hutapika kwa nadra zaidi. Hata hivyo, haiondoi maumivu, hivyo dawa nyingine huhitajika kando yake. Ketamini hutuliza maumivu bila kuzima pumzi, sifa inayoifanya itegemewe penye vifaa haba. Gharama yake ni kuzinduka polepole, pengine na ndoto za kutisha.

Sindano ya uti wa mgongo, ambayo August Bier aliitumia Kiel mwaka 1898, humwacha mgonjwa macho na bila maumivu kwa saa kadhaa baada ya kushonwa. Lakini miguu na kibofu huchelewa kuamka, na wengine huumwa kichwa, kama alivyoumwa Bier mwenyewe alipojaribiwa. Sindano nyembamba zenye ncha butu zimepunguza adha hiyo, na dawa za muda mfupi kama kloroprokaini humwezesha mtu kutembea mapema kuliko bupivakaini.

Ganzi ya mahali pamoja ndiyo nyepesi kuliko zote. Mwenye mtoto wa jicho huondoka kwa miguu yake muda mfupi baada ya kutibiwa. Ganzi ya mishipa ya fahamu ya mkono nayo hutuliza vizuri, ila inapoisha usiku maumivu huweza kurudi kwa kishindo, hivyo vidonge humezwa kabla hayajaanza.

Kipimo cha Aldrete, cha mwaka 1970, hutoa alama 10 kwa mwendo wa viungo, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu na rangi ya ngozi. Alama 9 humtoa mgonjwa katika chumba cha kuzindukia. Kurudi nyumbani hudai zaidi: atembee, asitapike, asivuje damu, awe na wa kumsindikiza, na baada ya nusukaputi asiendeshe gari kwa saa 24.

Hakuna njia inayoshinda katika kila kipimo. Mzee mwenye ngiri na mapafu dhaifu hufaidika na ganzi. Mwanamke anayetapika safarini, na propofoli. Ustadi wenyewe uko katika kumjua mgonjwa kabla ya kuchagua dawa.