Uasilia au Nafasi ya Kuitika? Tathmini ya Maoni ya Wapenzi wa Muziki wa Hukwe Zawose kuhusu Albamu ya Assembly (2002)

1.0 Utangulizi

Mwaka 2002, Hukwe Ubi Zawose, akiwa amevuka umri wa miaka sitini, alitoa albamu iitwayo Assembly kupitia kampuni ya Real World ya Uingereza. Alishirikiana na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji wa muziki kutoka Kanada. Tarehe 30 Desemba 2003, Zawose alifariki dunia mjini Bagamoyo. Kutokana na ukaribu wa matukio hayo mawili, albamu hii imekuwa ikipokewa kama wasia wa msanii, na wasia hausikilizwi kwa sikio lilelile linalosikiliza kazi ya kawaida. Wapo waliouona kuwa upeo mpya wa muziki wa Wagogo. Wapo pia waliosema kwamba mzee aliyeibeba sauti ya Ugogo kwa miongo kadhaa alifunikwa na mashine mwishoni mwa safari yake.

Makala hii inatathmini hoja za pande hizo. Haihesabu wasikilizaji wangapi waliipenda albamu na wangapi waliikataa. Inapima uzito wa sababu wanazozitoa. Dai lake kuu ni kwamba kipimo kinachotumiwa na wengi, yaani uasilia, hakifai kuihukumu Assembly kwa kuwa kazi za awali za Zawose zenyewe haziwezi kukikidhi. Kipimo kinachopendekezwa hapa ni nafasi ya kuitika: je, muziki unaacha mahali pa mwenzi, awe mwimbaji, chombo au msikilizaji, kuingia na kujibu?

2.0 Mkabala wa Uchambuzi

Uchambuzi umeongozwa na Nadharia ya Upokezi kama ilivyowekewa msingi na Hans Robert Jauss katika mhadhara wake wa mwaka 1967 huko Konstanz, Ujerumani. Kwa mujibu wa Jauss, kila kazi ya sanaa hupokewa ndani ya upeo wa matarajio uliojengwa na kazi zilizotangulia. Ingawa Jauss alizungumzia fasihi andishi, dhana hiyo inafaa hapa kwa sababu mashabiki wa msanii mkongwe hawaendi kwenye albamu yake mpya wakiwa mikono mitupu. Huenda wakiwa na albamu zake za zamani masikioni. Swali la kwanza la mhakiki, basi, ni hili: mashabiki wa Zawose walitarajia nini, na matarajio hayo yalijengwa na nani?

3.0 Hoja ya Uasilia

Mashabiki wengi wa Zawose nje ya Tanzania walimfahamu kupitia santuri ya Tanzania Yetu iliyotoka mwaka 1985, maonyesho ya majukwaani Ulaya, na hasa albamu ya Chibite ya mwaka 1996. Katika Chibite, msikilizaji anasikia ilimba, zeze, njuga na sauti za waimbaji bila kinanda wala gitaa la umeme. Upeo wa matarajio ulijengwa hapo: Zawose akawa, kwa mashabiki hao, sauti ya kijiji isiyoguswa. Assembly ilipotoka ikiwa na magitaa na midundo iliyopangwa kwa kompyuta, walihisi kwamba kitu safi kimechafuliwa.

Hoja hii ina udhaifu wa kihistoria. Zawose alizaliwa Nzali, katika mkoa wa Dodoma, lakini sehemu kubwa ya maisha yake ya kisanii haikuwa Nzali. Baada ya uhuru aliitwa Dar es Salaam kushiriki katika ujenzi wa sanaa ya taifa jipya, na baadaye akawa mwalimu na msanii Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Aliimba Kigogo, lakini aliimba pia Kiswahili kwa hadhira ya taifa zima. Aliitoa ngoma kwenye uwanja wa kijiji, ambako ina msimu wake na sababu yake, akaipandisha kwenye jukwaa lenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Ilimba yake nayo hakuiacha alivyoikuta. Aliikuza, akaiongezea vyuma hadi kupita sitini, ili impe upana ambao ilimba ndogo haikuwa nao.

Kwa hiyo, kile ambacho mashabiki wa Chibite walikiita asili kilikuwa tayari zao la mabadiliko yaliyofanywa kwa makusudi na msanii mwenyewe, akisaidiwa na dola, chuo na soko. Tofauti iliyopo ni kwamba mabadiliko ya awali hayakuacha alama ambayo sikio la mgeni lingeweza kuitambua. Gitaa la umeme linatambulika mara moja. Vyuma vya nyongeza kwenye ilimba havitambuliki kwa asiyezijua ilimba za awali. Shabiki anayelalamikia la kwanza na kulinyamazia la pili anapima kiwango chake mwenyewe cha kuuzoea muziki huo, huku akidhani anapima asili yake.

4.0 Kile Ambacho Hoja ya Uasilia Inakificha

Kuikataa hoja ya uasilia hakumaanishi kwamba Assembly haina kasoro. Kuna mambo matatu yanayostahili kuhojiwa, na yote yanapotea pale mjadala unapoishia kwenye neno "asili".

La kwanza ni mpangilio wa sauti. Wataalamu wa muziki wa Afrika, akiwemo Gerhard Kubik, wameonyesha kwamba skeli ya Wagogo inafuata mfululizo wa sauti za asili zinazotokana na mtetemo mmoja, hadi sauti ya tisa au ya kumi. Sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini ya ile inayolingana nayo kwenye kinanda kwa takriban theluthi moja ya nusutoni. Kwa sikio lililozoea kinanda, tofauti hiyo husikika kama kosa. Kwa sikio la Mgogo, hapo ndipo penye utamu wa wimbo. Gitaa lililopangiliwa kwa kawaida ya Ulaya linapotandaza mfululizo wa kodi chini ya ilimba, linaifanya sauti hiyo ionekane kuwa imepotoka. Hata hivyo, Brook anajulikana kwa kubuni gitaa ambalo sauti yake haififii baada ya uzi kupigwa. Gitaa hilo linapodumu kwenye sauti moja ya msingi, linakuwa kama ardhi ambayo skeli ya Kigogo inasimama juu yake bila kuyumba. Si gitaa lenyewe linaloharibu au kujenga. Ni kazi linayopewa ndani ya wimbo.

La pili ni mvumo. Ilimba ya Wagogo ina tundu linalofunikwa kwa utando wa buibui, na utando huo hutoa mvumo mwembamba unaoambatana na kila sauti. Vilevile, baadhi ya vyuma vyake havipigwi kwa kidole. Hutetemeka vyenyewe vyuma jirani vinapopigwa. Kuitika, basi, kumo ndani ya umbo la chombo: chuma kimoja kinasema na kingine kinajibu bila kuguswa. Chombo cha namna hii kinahitaji ukimya kiasi pembeni yake ili majibu hayo yasikike. Pale ambapo mdundo wa kompyuta umejazwa katika kila mwanya, msikilizaji hubaki na vyuma vilivyopigwa tu, na nusu ya mazungumzo inapotea. Upungufu huu ni mkubwa kuliko kuwepo kwa kompyuta, na unaweza kutokea hata kwenye albamu isiyo na umeme ikiwa ngoma zitarekodiwa kwa pupa.

La tatu ni maneno. Uimbaji wa Kigogo hujengwa juu ya kiongozi na waitikiaji. Kiongozi anatoa kauli, kundi linaipokea, linaikuza na kumrudishia. Albamu inayokusudiwa kwa wasikilizaji wasiojua Kigogo hukabiliwa na kishawishi cha kuichukulia sauti ya mwimbaji kama ala nyingine tu. Zawose alikuwa na uwezo wa ajabu wa kupanda kutoka sauti nzito ya kifua hadi sauti nyembamba ya juu kwa pumzi moja, na ni rahisi kwa mtayarishaji kuvutwa na umahiri huo akasahau kwamba mzee alikuwa anasema jambo. Kwa msikilizaji wa Chamwino au Bahi anayejua Kigogo, kauli iliyofifishwa katika uchanganyaji wa sauti ni barua iliyolowa maji: anaujua mwandiko, lakini ujumbe haumfikii.

5.0 Utetezi wa Wapenzi Wapya na Mipaka Yake

Upande wa pili una mashabiki waliomfikia Zawose kupitia Brook, au kupitia Peter Gabriel, mwanzilishi wa Real World, ambaye katika ziara yake ya Marekani ya mwaka 2002 alimpa Zawose nafasi ya kufungua maonyesho. Utetezi wao husimama juu ya hoja ya kufikika: bila albamu kama hii, wasingemjua Zawose kabisa. Aidha, hutaja mfano wa Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani, ambaye Brook alishirikiana naye katika Mustt Mustt (1990) na Night Song (1996), kuonyesha kwamba ushirikiano wa namna hii unaweza kuzaa matunda.

Hoja hii ni ya kweli, lakini haitoshi. Kufikika ni sifa ya usambazaji, na albamu inaweza kufika mbali huku ikiwa dhaifu. Zaidi ya hayo, neno kufikika linazua swali ambalo watetezi hawa hawaliulizi: kufikika kwa nani? Remmy Ongala, aliyetoa Songs for the Poor Man (1989) na Mambo (1992) kupitia kampuni hiyohiyo, alikuwa na hadhira kubwa ya nyumbani iliyomfuata kwenye kumbi za dansi na redioni, na hadhira hiyo ingeweza kumsifu au kumkosoa kwa lugha aliyoiimba. Assembly ililenga soko la nje tangu mwanzo. Matokeo yake ni kwamba mjadala kuhusu uhalali wa Kigogo ndani yake umeendeshwa zaidi na watu wasiokijua Kigogo, kwa upande wa wanaoipinga na wa wanaoitetea.

Kwa kipimo cha nafasi ya kuitika, tathmini ya makala hii ni kwamba Assembly ni albamu isiyolingana. Inafikia kilele pale ambapo Brook anakubali kuwa mwitikiaji: gitaa linangoja, linadumu kwenye sauti ya msingi, na ilimba inaongoza. Inashuka pale ambapo mdundo unatangulia na Zawose analazimika kuufuata, kwa kuwa hapo kiongozi amegeuzwa kuwa mpambe katika ngoma yake mwenyewe.

6.0 Warithi na Umuhimu wa Kipimo

Suala hili lisingekuwa na uzito kama lingehusu albamu moja ya mwaka 2002 pekee. Uzito wake uko kwa warithi. Msafiri Zawose, mtoto wa Hukwe, alitoa Uhamiaji mwaka 2017, kazi inayochanganya ala za Kigogo na sauti za kielektroniki. Mwaka 2024, Pendo na Leah Zawose, wanaojulikana kama The Zawose Queens, walitoa Maisha kupitia Real World. Wanawake hawa wanaongoza kwa sauti na ala katika ukoo ambao jukwaa lake la kimataifa lilijulikana kwa majina ya wanaume. Tukishika kipimo cha uasilia, tutalazimika kusema kwamba wanawake hao wamekosea kwa kuishika ilimba, sawa na Msafiri alivyokosea kwa kushika kompyuta. Hilo ni hitimisho ambalo mhakiki makini hawezi kulikubali, na linatosha kuonyesha ubovu wa kipimo chenyewe.

Nyumbani nako, kwenye Tamasha la Muziki wa Cigogo huko Chamwino, vikundi vya vijijini hupanda jukwaani na kuimba mbele ya hadhira iliyotoka vijiji mbalimbali. Jukwaa si uwanja wa jando wala unyago, lakini muheme unapopigwa na hadhira ikapokea kwa vigelegele, sharti la msingi limetimia: aliyesema amejibiwa.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba wanaoipinga Assembly kwa hoja ya uasilia wanatetea upeo wa matarajio uliojengwa na albamu za awali, na kwamba wanaoitetea kwa hoja ya kufikika wanasifu usambazaji wake kuliko muziki wenyewe. Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo kuhusu muziki wa Wagogo uliorekodiwa zianze na wasikilizaji wanaoelewa maneno yake, na ziwaulize jambo mahususi zaidi kuliko kama wimbo ni wa asili: ulipousikia wimbo huu, ni wapi ulitaka kuitikia, na je, uliachiwa nafasi?