Yadi 15 Kinyumenyume

Aliyeichezea Chicago Bears, timu ya mpira wa Kimarekani, mechi nyingi kuliko wote ni Patrick Mannelly: mechi 245, misimu 16, kuanzia mwaka 1998. Kazi yake ilikuwa kuinama.

Katika Chuo Kikuu cha Duke alikuwa pia mtu wa safu ya mbele, wale mapande ya watu wanaozuia kwa vifua. Chicago ikamwachia jambo moja tu, kurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake. Uwanja anauona juu chini. Mbele yake wapo wanaume wanaongoja mkono wake ucheze ili wamvamie, naye hawaangalii. Anaangalia mikono ya mwenzake atakayeupiga mpira mbali, aliye yadi 15 nyuma, na mpira humfikia kabla sekunde moja haijatimia. Hapo ndipo huinua kichwa, na mara nyingi kishindo kimeshamfika.

Ninachokistahi zaidi ni suala la kamba. Mpira wa Kimarekani umechongoka ncha mbili, na ubavuni una kamba za mshono zilizotuna. Mpigaji anapolenga goli, kamba hizo zinatakiwa zitazame mbele, mbali na mguu wake. Anayemshikia mpira, yadi 7 au 8 nyuma, hana muda wa kuugeuzageuza. Basi fundi anayerusha huhesabu mizunguko ya mpira ukiwa hewani. Husogeza kidole kidogo, hupunguza nguvu kidogo, mpaka mpira utue kamba zikiwa mahali pake. Nani huliona hilo akiwa jukwaani? Karibu hakuna, nami naona ni ufundi kamili kama wa seremala anayeunga mbao bila msumari.

Trey Junkin aliifanya kazi hii kwa karibu miaka 20. Januari 2003, timu ya Giants walimtoa nyumbani, alikokwisha kustaafu, wakamweka mchezoni wiki hiyohiyo dhidi ya San Francisco. Zilibaki sekunde 6, wakiwa nyuma 38 kwa 39 na wakitaka kupiga goli la ushindi, na mpira wake ukaenda chini; wakashindwa. Alisimama mbele ya waandishi akaibeba lawama yote peke yake. Inaniuma kwamba wengi wanamkumbuka kwa mpira ule mmoja, na maelfu yaliyofika salama hayana wa kuyasimulia.

Tangu 2019 iko tuzo yenye jina la Mannelly. Kila mwaka hupewa kijana mmoja wa chuo kikuu, yule aliyewapita wenzake kwa kuinama na kurusha.