Paleti ya Maji Katika Hewa ya Kisauni

Maelekezo mengi ya paleti ya maji huandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako hewa ya ndani ni kavu na rangi ya akriliki haichelewi kuganda. Huku Kisauni na Likoni, Mombasa, rangi hukaushwa zaidi na feni kuliko na hewa. Kinachotusumbua ni ukungu. Fuata maelekezo yale bila kubadilisha kitu, na siku chache za masika zinatosha: ukifungua kifuniko, unakaribishwa na harufu ya mtaro.

Kifaa chenyewe hakina siri. Ni kopo bapa lenye kifuniko, sifongo nyembamba iliyoloweshwa, na karatasi ya kuokea juu yake. Maji hupenya karatasi taratibu na kufidia yale yanayopotea kutoka kwenye rangi, hivyo anayepaka rangi sanamu ndogo ya milimita 28 hana haja ya kuchanganya upya kila mara. Karatasi ya nta haifai, haipitishi maji. Wachoraji wa Tingatinga, tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, hawakuwa na haja na kifaa hiki: rangi yao ni ya mafuta.

Maji ndiyo ya kuchungwa zaidi. Visima vingi vya upande wa bara vina chumvi, na maji ya bomba, hata yakiwa matamu kwa kunywa, huwa na chokaa. Maji yakivukiza, chumvi na chokaa hubaki kwenye sifongo. Kila unapoongeza, unazidisha, mpaka ukingo wa karatasi unaota unga mweupe na rangi inakuwa na chengachenga. Bora maji safi ya kuongeza kwenye betri, yanayouzwa vituo vya petroli. Soma lebo vizuri, usije ukapewa asidi. Maji yasizidi kiasi: ukibonyeza karatasi na maji yakatokea juu, umejaza mno.

Ukimaliza kazi, tupa karatasi, osha sifongo kwa maji ya moto na sabuni, uianike juani hadi ikauke kabisa. Ikibaki na harufu, iloweke dakika chache katika maji yenye Jik kidogo, kisha suuza sana. Chokaa hutolewa kwa siki, lakini siku nyingine: siki na Jik vikikutana hutoa gesi ya klorini, sumu kwa mapafu. Kipande cha waya wa shaba chini ya sifongo huchelewesha ukungu, ila shaba huweza kuacha doa la kijani, kwa hiyo mimi siutumii.

Wengine huhifadhi rangi humo wiki nzima. Kwa hali yetu ya hewa sikubaliani nao. Paleti hii ni ya kikao kimoja, au viwili ukiwa na friji isiyowekwa chakula. Sifongo yenye madoa meusi yasiyotoka hata kwa Jik, itupe. Ya kuoshea vyombo, ikikatwa ikawa nyembamba, inafanya kazi ileile.