Nkishi ya Wasongye: nani alipaswa kuiogopa?

Kuna vitabu viwili vikubwa juu ya mankishi, zile sanamu za miti ambazo Wasongye walitumia kwa kujikinga na walozi pamoja na pepo mbaya. Kimoja ni cha bibi Dunja Hersak, kilitoka kwa Kiingereza miaka ya 1980. Kingine ni cha Frère François Neyt, mtawa wa Mtakatifu Benedikto, kilitoka kwa Kifaransa mwaka 2004, na katika kichwa chake muko neno « redoutable », ni kusema: ya kutisha. Neno hilo moja njo linanisukuma kuandika. Ya kutisha nani?

Tuanze na kazi yenyewe. Kwa Wasongye, watu wa Kabinda, wa Lubao na inchi ile kati ya Sankuru na Lualaba, mchongaji alikuwa anatoa mti tu. Ulibaki mti, hata kama una macho na ndevu. Ni nganga ndiye alikuja kutia bishimba ndani ya tumbo na ndani ya kichwa, pengine ndani ya pembe iliyosimikwa utosini: majani, mifupa na makucha ya nyama, udongo, nywele. Kiisha aliivika ngozi na shanga, akapigilia vipande vya shaba ao vya chuma ku uso. Sasa njo ilikuwa nkishi. Ndiyo sababu watu walikumbuka jina la nganga, la mchongaji hapana. Leo maonyesho ya Ulaya yanaandika « msanii asiyejulikana » na kusikitika, kumbe wanamlilia mtu ambaye wenyewe hawakumhesabu kuwa mwenye kazi.

Ndogo zilikuwa za mtu na jamaa yake, zilikaa nyumbani. Kubwa ilikuwa ya kijiji kizima, na mlinzi wake. Hiyo haikuguswa kwa mikono. Waliibeba kwa miti iliyofungwa kwenye mikono yake. Mwezi ukiandama waliitolea kuku, wakaipaka mafuta ya ngazi. Ilikuwa ya kuzuia ulozi, ugonjwa na vita, tena ya kuomba uzazi. Jina la nkishi kubwa liliweza kudumu kuliko mti wenyewe. Wazee walihesabu nyakati kwa majina hayo, kama vile sisi tunasema « wakati wa Mobutu ».

Basi, mama mwenye mimba aliyelala karibu na nkishi yake ndogo hakuiogopa. Ule uso mkali ulikuwa kwa ajili ya mulozi. Mbwa wa mlangoni anaonyesha mwizi meno, si watoto wa nyumba. Frère Neyt ana macho makali ya kupanga sanamu kufuatana na umbo lao, na kwa hiyo kazi tunamshukuru. Lakini kichwa cha kitabu chake kimesimama mahali pa mgeni, nje ya lupango, mbele ya meno. Bibi Hersak alienda kuuliza Wasongye wenyewe. Kwake unaelewa nani anaogopa nani. Pasipo hiyo, picha nzuri zinabaki picha.

Mnaweza kusema haya ni maneno ya wenye vitabu. Hapana. Mimi ni mwalimu. Ukionyesha picha ya nkishi darasani, kabla hujafungua kinywa mwanafunzi mmoja atasema: « Shetani! » Wamisionari walifundisha hivyo, kanisa za uamsho zinaendelea. Lakini nkishi ilitengenezwa ili ipigane na kile kile ambacho mchungaji anakemea usiku kucha. Adui hakubadilika, ni silaha tu.

Sisemi turudie kupaka mti mafuta. Mimi pia ni mtu wa kanisa. Wala sisemi zamani ilikuwa safi: Afrika ya Kati ilijua mwavi, na watu walikunywa wakakufa. Ninachosema ni kwamba mankishi mengi yamechomwa ao yameuzwa, na woga wa ulozi haukuchomwa pamoja nayo. Umebaki bila mti wa kuegemea, ukamwangukia mtoto. Katiba ya mwaka 2006, kipengele cha 41, inakataza kusingizia mtoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa azabu. Hata hivyo watoto wanafukuzwa nyumbani kwa sababu wanakojoa kitandani, ao kwa sababu baba alipoteza kazi. Mwanafunzi anayepiga kelele « Shetani! » mbele ya picha amejifunza neno ambalo kesho jirani atamwambia mdogo wake.

Ndiyo maana ninaomba tuzungumze mankishi darasani kwa akili, tukianza na swali la bishimba. Angalieni picha za sanamu zilizo Ulaya: nyingi zina shimo tupu kwenye tumbo, na pembe imevunjika ao haiko. Chini yake wameandika kabila, aina ya mti, urefu kwa santimetre. Shimo lilikuwa na nini, na ni mkono wa nani uliotoa, hawakuandika.