Mizimu Isiyo na Majina

Albamu ina vipande 36 na hakuna hata kimoja chenye jina. Kila kimoja kina nambari yake na neno lile lile, Ghosts, yaani mizimu. Hakuna anayeimba. Nine Inch Nails, bendi ya rock ya Marekani ambayo mashabiki wake walikuwa wamezoea kupiga kelele pamoja na Trent Reznor mstari kwa mstari, iliweka Ghosts I–IV kwenye tovuti yake Machi 2, 2008. Haikuwa na kampuni kubwa ya rekodi nyuma yake. Mashabiki wakabaki na swali ambalo hata kwetu Ukambani lingeulizwa kabla chai haijapoa: sasa huyu anasema nini?

Nimeisikiliza albamu hii mara nyingi, zaidi nikiwa barabarani kati ya Kitui na Wote, nikibadilisha gari Machakos. Ninachokiona ni hiki: muziki usio na maneno haukai bila maneno. Ukiuacha wazi, mtu atakuja aweke yake. Kwa hivyo kujua kama mashabiki waliipenda Ghosts hakunitoshi. Nataka kujua nani alipewa kalamu, na nani alilipwa.

Tuanze na walionuna. Wapo waliosema hii ni michoro tu, kwamba mtu anapasha gitaa moto halafu anazima kabla ngoma haijaanza. Siwalaumu. Vipande vingi vinaisha kabla ya dakika 4, na kuna mahali katikati ya albamu ambapo hata mimi huanza kuhesabu miti ya kando ya barabara. Reznor na mwenzake Atticus Ross walivitengeneza kwa wiki 10 hivi. Reznor alieleza kwamba walikuwa wakianza na picha kichwani, mahali fulani, kisha wanaivisha sauti. Halafu wakatupa picha hiyo bila kutuambia ni ya wapi. Shabiki aliyezoea kuambiwa ahisi nini lazima anune.

Lakini walionuna na walionyamaza wote walikuwa wakishusha faili. Vipande 9 vya kwanza vilikuwa vya bure, na Reznor mwenyewe alivipeleka hadi kwenye mitandao ya watu wanaogawana faili bila kulipa. Albamu nzima ilikuwa dola 5. Aliyetaka sidii alilipa dola 10. Juu kabisa kulikuwa na toleo la kifahari la dola 300, nakala 2,500 tu, nalo likaisha haraka mno. Wiki ya kwanza pekee bendi ilitangaza zaidi ya dola milioni 1.6. Hebu piga hesabu: 2,500 mara 300 ni 750,000. Karibu nusu ya pesa ilitoka kwa watu ambao hawangejaza hata uwanja wa shule. Hao ndio waliobeba wale wengine wote waliochukua bure.

Kisha kuna kalamu yenyewe. Albamu ilitoka chini ya leseni ya Creative Commons: kata, changanya, weka kwenye filamu yako, gawia wenzako, mradi umtaje mwenye kazi na usiifanyie biashara. Reznor akawaalika mashabiki waweke video zao YouTube, kila mtu achague kipande na kukitafsiri kwa picha. Wakaja na filamu fupi, katuni, barabara za usiku, nyuso za watu wao. Kwangu hiyo ndiyo hakiki bora ya albamu hii, kushinda nyota zozote za gazetini. Mtu asiyejua aseme nini kuhusu muziki alichukua kamera akasema.

Sasa ilete Kitui, na usidhani watu wetu hawajui muziki usio na maneno. Nusu ya raha ya benga ya Kikamba iko hapo. Sikiliza bendi za zamani, Les Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo ama Kyanganga Boys ya Peter Mwambi. Mwimbaji anasema yake, anataja watu, halafu anakaa kando na magitaa yanashika njia, moja likikimbia juu na jingine likilifukuza. Kwenye maneno watu husikiliza kama watatajwa. Ukisikia jina lako ama la kijiji chenu, mkono unaenda mfukoni wenyewe. Magitaa yakibaki peke yao hakuna wa kutajwa tena, na hapo ndipo hata aliyekuja kumsindikiza mwenzake anaingia uwanjani.

Pwani nako mambo yanafanana. Kwenye taarab, mtu huinuka kumtunza mwimbaji pale mstari unapomgusa, ama unapomgusa jirani yake. Bashraf ikipigwa mwanzoni, bila mwimbaji, watu hukaa wakatulia. Kakai alilijua hili vizuri. Alipoanza kuimba Kiswahili, Kenya nzima ikamfungulia mlango. Maneno ndiyo yanayomwonyesha msikilizaji mahali pa kuweka pesa. Ndiyo maana hizo dola 300 za watu 2,500 bado zinanishangaza.

Nilijaribu kwa watu wangu. Mama mmoja mwenye kibanda cha M-Pesa pale Wote alisikia kipande cha kwanza, kile cha piano inayotembea polepole kama mtu anayetafuta swichi gizani, akaniuliza, "Kijana, nani ameaga?" Hakuwa anafanya mzaha. Redioni tumezoea sauti za aina hiyo zije na tangazo la kifo, kisha majina ya jamaa wa marehemu. Kinyozi wangu Kitui naye alisikia kipande cha 34, akasimamisha mashine kichwani mwangu na kucheka: "Si hii ni ile ya farasi!"

Wote wawili walikuwa wameshawekewa maneno na mtu mwingine. Hapo ndipo jambo hili linaponihusu kikazi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani, na tangu hapo nala kwa kuandika: maelezo ya video, hadithi za mitandaoni, lolote linalolipa. Video nyingi za huku kwetu ni za ukame, mabwawa ya mchanga, mbuzi na maembe. Kuna shirika moja niliwahi kuliandikia video ya kikundi cha akina mama wanaochimba bwawa lao wenyewe. Walikuwa wanacheka, wanataniana, mmoja anacheza na jembe begani. Tuliweka benga. Jibu likarudi: toeni hiyo, wekeni piano, wafadhili waguswe. Tukaweka. Wale akina mama waliendelea kucheka kwenye picha, lakini ukiwatazama sasa unadhani wanajikaza wasilie.

Piano hiyo haikuwa na neno hata moja, lakini ilisema "maskini" kwa sauti kubwa kuliko msimulizi. Kitui na Makueni tumetungiwa maneno kwa namna hiyo miaka na miaka. Kwa hivyo mtu akiniambia muziki mtupu ni huru, namuuliza ni huru mikononi mwa nani.

Turudi kwa farasi wa kinyozi. Kijana mmoja wa Uholanzi anayetengeneza biti, YoungKio, alikutana na kipande cha 34 mtandaoni, akakata mlio wake wa nyuzi unaofanana na banjo, akaweka ngoma nzito chini na kuiuza biti hiyo mtandaoni. Lil Nas X aliinunua kwa dola 30, akaimba juu yake, ikawa "Old Town Road". Mwaka 2019 ilikaa namba moja Marekani wiki 19. Hata hapo ugomvi ukawa wa jina: Billboard iliiondoa kwenye chati ya country ikidai haikuwa na country ya kutosha. Kenya, nchi ambayo Jim Reeves na Kenny Rogers wana wazee wao hadi vijijini, hatukusubiri ruhusa ya chati. Tuliimba kwenye matatu kama yetu.

Kumbuka ile leseni ilikataza biashara. Mashabiki walioitii walitengeneza video nzuri na hawakupata hata shilingi. Mtu aliyeuza biti ndiye aliyekipeleka kipande hicho hadi kwenye kinyozi cha Kitui. Baadaye makaratasi yalitengenezwa, Reznor na Ross wakatajwa kama watunzi na watayarishaji. Hapo mimi nagawanyika. Reznor alikuwa mkarimu kweli. Lakini pia alikuwa na jina alilojengewa na mfumo wa makampuni tangu albamu yake ya kwanza ya 1989, na mashabiki wa kulipa dola 300 hawaoti kwa msimu mmoja wa mvua. Bendi ya Mutomo ikitoa albamu bure leo, kibanda cha stendi kitaijaza kwenye flashi za watu kwa bei ya chai na mandazi, na mpiga gitaa ataisikia ikipita ndani ya gari ambalo hana nauli ya kulipanda.

Je, Ghosts ni albamu nzuri? Nusu yake, ndiyo. Ningekata vipande kama 15 bila majuto. Lakini cha kwanza, cha 34, na cha 35 chenye magitaa yanayong'ata, ambacho baadaye kilifanyiwa kazi upya kwa ajili ya filamu ya The Social Network, ni vya kuweka. Visikilize ukiwa safarini, dirisha wazi, bila kuangalia video ya mtu yeyote kwanza.

Ninachotamani kukisikia baada yake ni bendi ya hapa ikitoa ile nusu ya pili peke yake. Magitaa matupu, dakika 40, hakuna mheshimiwa aliyetajwa. Siku mbili za kwanza watu watalalamika kwamba wameibiwa mwimbaji. Ya tatu kuna kijana wa Mwingi atakuwa ameiwekea video ya bodaboda yake, na mwingine ameicheza kwenye harusi. Kufikia siku hiyo, bendi iwe imeshaandika chini ya kila kipande mambo matatu: jina lake, masharti yake, na namba ya Till.